Jinsi ya kusoma utafiti wa Asia kuhusu chakula, unene na moyo, na jinsi ya kuupeleka jikoni kwako

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la wali. "Wajapani wanakula wali kutwa mara tatu na hawanenepi, sasa wewe mbona unanipunguzia?" Wanaoniuliza ni wateja wangu wa Upanga na Kisutu, wengi wao wenye asili ya Gujarati na Kachi, na siku hizi hata majirani zangu Waswahili ambao hawana ndugu yeyote ng'ambo ya bahari. Huja na simu mkononi wakinionyesha makala yenye kichwa kikubwa: utafiti umethibitisha.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa wengi ninaowahudumia asili yao ni Asia ya Kusini, imenibidi nizisome tafiti za huko kwa miaka mingi, na nimeona watu wakiumia kwa kuzisoma nusu. Nitakueleza ninavyozisoma mimi, kisha tuingie jikoni.

Anza na waliopimwa

Nikifungua utafiti, matokeo nayaacha kwanza. Natafuta watu: ni akina nani, wanaishi wapi, wana umri gani, walipimwa mwaka gani. Asia ina zaidi ya nusu ya binadamu wote. Mvuvi wa Kyushu, mkulima wa kaskazini mwa China na mwenye duka la vitambaa Ahmedabad hawafanani mlo wala umbo, na hata maradhi yanayowaondoa ni tofauti.

Ndani ya jamii moja pia watu hawafanani. Mwaka 1991 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Kaushik Ramaiya na wenzake uliofanyika hapahapa Tanzania, miongoni mwa jumuiya mbalimbali za Wahindu. Kiwango cha kisukari na vihatarishi vya moyo kilipishana kati ya jumuiya na jumuiya, ingawa kwenye fomu ya hospitali wote hao wangeandikwa "Mhindi" basi. Mtu akianza kuniambia Wahindi wako hivi au vile, huo ndio ninaomtajia.

Sasa hao Wajapani. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti waliwafuatilia wanaume wa asili ya Kijapani katika makundi matatu: waliobaki Hiroshima na Nagasaki, wa Honolulu, na wa eneo la San Francisco. Utafiti huo unaitwa Ni-Hon-San. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa mdogo zaidi Japani, ukapanda Hawaii, ukawa mkubwa zaidi California. Asili yao ni moja, kilichobadilika ni nchi, kazi na chakula. Hiyo ndiyo sehemu inayosambazwa kwenye simu. Sehemu isiyosambazwa ni kwamba kiharusi kilikuwa kingi Japani kuliko Hawaii. Mlo wa Japani wa wakati ule ulikuwa na mafuta machache na samaki wengi, lakini pia mchuzi wa soya, miso, na mboga na samaki waliohifadhiwa kwa chumvi nyingi. Moyo ulipona, ubongo ukalipa. Kwa hiyo mtu akitaka kula kama Mjapani namuuliza ni Mjapani yupi na wa mwaka gani, kwa maana wali ulikuwa kitu kimoja tu katika sahani yake.

Piga hesabu yako, kisha uliza mstari umechorwa wapi

Karibu kila utafiti wa unene utakutajia BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, jibu lake ligawanye tena kwa urefu uleule. Mama wa kilo 62 mwenye urefu wa mita 1.60: 62 kwa 1.60 ni 38.75, ukigawanya tena unapata 24.2. Kwa viwango vya jumla vya Shirika la Afya Duniani uzito unaanza kuzidi kwenye 25, na unene wa kupindukia kwenye 30. Mama huyu ataambiwa uzito wake ni wa kawaida na kurudishwa nyumbani. Wapo wengi kama yeye waliofika kwangu baadaye, sukari ikiwa imeshapanda.

Kwa nini? Mwaka 2004 madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa Pune nchini India na John Yudkin wa London, walichapisha picha yao katika jarida la Lancet, wakiwa wamesimama pamoja. BMI zao zilikuwa sawasawa, 22.3 kila mmoja. Mafuta mwilini: Yudkin asilimia 9.1, Yajnik asilimia 21.2. Mzani hauwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa kilo ya msuli na kilo ya mafuta kwake ni kilo. Mtu wa Asia ya Kusini mara nyingi ana misuli michache na mafuta mengi kuliko Mzungu wa uzito uleule, na mafuta hayo hupenda kukaa tumboni na kwenye ini, mahali yanapovuruga kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Yajnik na wenzake wa Pune waliiona hali hiyo hata kwa watoto wachanga: wadogo kuliko wa Uingereza, misuli haba, lakini mafuta ya chini ya ngozi yamebaki.

Wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani mjini Singapore mwaka 2002 waliviacha viwango vya dunia kama vilivyo, ila waliongeza alama za kuchukua hatua kwa watu wa Asia: 23, hatari imeanza kuongezeka, 27.5, hatari ni kubwa. Madaktari wa India hutumia 23 kwa uzito uliozidi na 25 kwa unene. China hutumia 24 na 28. Basi ukisoma kwamba nchi fulani ina wanene wengi kuliko nyingine, tafuta kwanza mstari wa kila mmoja. Mtu yuleyule mwenye BMI 26 ni mnene Mumbai, na Beijing amezidi uzito tu.

Na sisi wengine? Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za matibabu za watu zaidi ya milioni moja. Waliuliza hivi: Mzungu mwenye BMI 30 ana hatari fulani ya kupata kisukari cha aina ya pili; watu wa asili nyingine wanaifikia hatari hiyohiyo kwenye BMI ngapi? Majibu: Asia ya Kusini 23.9, Waarabu 26.6, Wachina 26.9, watu weusi 28.1. Msomaji wa Unguja au Mombasa, hapo huenda bibi zako wote wametajwa. Hao ni watu wanaoishi Uingereza, na swali lilikuwa la kisukari peke yake, kwa hiyo chukua namba hizo kama dira. Lakini hakuna kundi hata moja kati ya hayo lililofika 30.

Futi ya fundi cherehani

Hapa nakuomba usipite haraka, kwa sababu kipimo hiki ni cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho ninachokiamini zaidi. Nunua futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani, isiyovutika.

Inua nguo. Simama wima, miguu ikiachana kidogo. Papasa ubavu wako mpaka uupate mfupa wa mwisho wa mbavu, kisha papasa juu ya nyonga mpaka uipate ncha ya juu ya mfupa wake. Katikati ya mifupa hiyo miwili, ubavuni, kwenye mstari unaoshuka wima kutoka kwapani, weka alama kwa kalamu. Zungusha futi ipite kwenye alama, ilale sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kubana. Pumua kawaida, toa pumzi, soma. Tumbo usilivute ndani. Pima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Wanaume hunitajia saizi ya suruali. Suruali ya mzee mwenye kitambi hufungwa chini ya kitambi, na namba yake inaweza isibadilike wakati tumbo linaendelea kukua. Pima tumbo lenyewe.

Kwa watu wa Asia ya Kusini na Wachina, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linaweka mstari kwenye sentimita 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Mwanamume wa Ulaya amewekewa 94. Ukisoma utafiti wa Japani utakuta kinyume: mwanamume 85, mwanamke 90. Usidhani wamekosea kuandika. Wajapani hupima usawa wa kitovu, na namba zao walizitoa kwenye picha za skana, kwa kutafuta kiuno kinacholingana na sentimita za mraba 100 za mafuta ya ndani ya tumbo; mwanamke huhifadhi mafuta mengi chini ya ngozi, kwa hiyo kiuno chake hufika mbali zaidi kabla ya kufikia kiasi hicho. Tangu 2008 sheria yao inataka watu wa miaka 40 hadi 74 wapimwe kiuno katika uchunguzi wa afya wa kila mwaka. Kila ukisoma namba ya kiuno, basi, tafuta futi ilipita wapi.

Kama namba hizi zinakuchanganya, shika moja tu: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 asifike 80.

Walifuatilia, au walijaribu?

Kuna tafiti za kufuatilia na tafiti za majaribio, na makala za kwenye simu huzichanganya kila siku.

Mfano wa kwanza ni China Kadoorie Biobank, iliyoandikisha watu zaidi ya 500,000 katika maeneo kumi ya China kati ya 2004 na 2008. Mwaka 2016 waliripoti kwamba waliokula matunda mabichi kila siku walikuwa na vifo vya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 40 hivi, wakilinganishwa na wasiokula au waliokula kwa nadra. Ni namba kubwa. Lakini walaji wa matunda China walikuwa pia watu wa mjini zaidi na wenye elimu zaidi. Watafiti walijitahidi kuyaondoa hayo kwa hesabu, na hesabu haimalizi kila kitu. Mimi napendekeza matunda bila kusita, ila simwahidi mtu asilimia 40.

Mfano wa pili ni jaribio la chumvi katika vijiji 600 vya kaskazini mwa China, lililochapishwa 2021. Watu karibu 21,000, waliowahi kupata kiharusi au wenye umri wa miaka 60 na zaidi wenye presha. Vijiji viligawanywa kwa kura: nusu wakaendelea na chumvi ya kawaida, nusu wakapewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya takriban miaka mitano, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Asilimia ni ndogo kuliko za matunda, na ushahidi una nguvu mara nyingi zaidi, kwa sababu kura ndiyo iliyogawa watu. Tajiri na maskini waliangukia pande zote mbili.

Angalia pia nani alilipia utafiti, na kama mwandishi wa makala ana kitu cha kukuuzia.

Sasa jikoni

Tuanze na wali, maana ndio uliotuleta. Utafiti wa PURE ulihusisha nchi 21, Tanzania ikiwemo, na mwaka 2020 ulitoa ripoti kuhusu wali mweupe na kisukari. Waliokula gramu 450 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 20 kuliko waliokula chini ya gramu 150. Asia ya Kusini peke yake tofauti ilifika asilimia 61. China uhusiano haukuonekana wazi. Chakula ni kilekile, na matokeo yamebadilika kwa kufuata mwili unaokula na kinachowekwa kando yake.

Gramu hizo ni za wali uliopikwa. Watu wengi hudhani ni mchele mkavu, wakajiona salama. Kikombe kimoja kikubwa cha chai kikijaa wali uliopikwa ni kama gramu 150. Jaribu leo: pakua kama kawaida yako, kisha uhamishie kwenye kikombe, uhesabu. Nyumba nyingi ninazoingia, sahani ya mchana pekee ni vikombe viwili na nusu au vitatu, na kabla yake zilishapita chapati. Hapo ndipo ninapokaa na bibi wa nyumba, ambaye wote humwita Ba na ndiye mwenye neno la mwisho. Naamkia kwanza, nasubiri chai, kisha nasema: Ba, wali siuondoi. Kikombe kimoja. Dengu au choroko pawa mbili, nzito, zisiwe maji. Mboga ijaze nusu ya sahani. Siku ya chapati isiwe siku ya wali kwenye mlo uleule. Na dengu zitangulie mdomoni. Ba wengi wanakubali, kwa kuwa hakuna chakula chao hata kimoja nilichokitukana.

Vitafunwa vina hatari kuliko wali, na huko ndiko nakuta upinzani. Utafiti wa MASALA, unaofuatilia watu wa asili ya Asia ya Kusini huko San Francisco na Chicago, ulikuta mlo uliojaa vitafunwa vya kukaanga, vitamu na maziwa yenye mafuta mengi ukiambatana na insulini kufanya kazi vibaya. Ninaowahudumia wengi hawali nyama kabisa na hudhani hilo limewakinga. Chevdo, ganthia, bhajia, sambusa za viazi na jalebi hazina nyama. Sheria yangu ya saa kumi jioni: chai bila bakuli la chevdo mezani. Weka karanga za kuchoma zisizo na chumvi, dengu za kukaanga kavu, au papai. Bakuli likiwepo mkono utaenda, kwa hiyo liondoke mezani.

Mafuta yapime kwa tarehe. Siku unapofungua dumu la lita tatu, liandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Familia ya watu wanne likiwatosha mwezi, kila mmoja anakula mililita 25 kwa siku, chini ya vijiko viwili vya chakula. Likiisha kwa wiki mbili, ni zaidi ya mililita 50, ambazo ni kalori zaidi ya 400 kwa kila mtu kabla hajala punje ya wali. Mafuta yaliyogandishwa kiwandani yaache. Yale yaliyogandishwa nusunusu yana mafuta ya transi, aina inayodhuru moyo, ambayo India imeyawekea kikomo cha asilimia 2 tangu Januari 2022, na mafuta yaliyochemshwa mara nyingi kwenye karai la bhajia nayo hayafai.

Chumvi fanya vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko cha chai kilicho sawa. Pakiti ya nusu kilo kwa watu wanne isiishe kabla ya siku 25, na hapo achari na papadi za dukani bado hujazihesabu. Katika utafiti wa Intersalt wa 1988 vituo 52 vilipima chumvi kwenye mkojo wa saa 24, na Tianjin ya China ilikuwa juu kabisa, wakati kundi la Kenya lilikuwa miongoni mwa manne yaliyokula chumvi kidogo mno. Sisi tulianza vizuri. Kuhusu ile chumvi ya potasiamu: ukiipata, usiinunue kabla ya kumuuliza daktari kama una ugonjwa wa figo au unatumia dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka mwilini. Kwa mtu huyo inaweza kusimamisha moyo.

Muda na umri

Utafiti wa INTERHEART, uliohusu mshtuko wa moyo katika nchi nyingi, ulionyesha kwamba watu wa Asia ya Kusini hupata mshtuko wa kwanza wa moyo wakiwa na umri wa kati wa miaka 53, na watu wa sehemu nyingine za dunia karibu 59. Usimsubirishe kijana wako wa duka mpaka afike 50. Mimi huwaita kuanzia 30, mapema zaidi kama baba au mama ana kisukari.

Na kama namba zako zimeshapanda, soma utafiti wa Da Qing wa China. Mwaka 1986 watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari waligawanywa kwa kliniki: wengine walibadilisha chakula, wengine waliongeza mazoezi, wengine vyote viwili, na wengine waliachwa kama walivyo. Mafunzo yalidumu miaka sita. Miaka 30 baada ya kuanza, waliobadilika walikuwa wamechelewesha kisukari kwa karibu miaka minne, na matukio ya moyo na kiharusi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Chennai, India, jaribio kama hilo lilipunguza kisukari kwa asilimia 28.5 ingawa uzito wa watu haukushuka kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mzani ukigoma, endelea.

Chukua daftari. Andika tarehe, kilo, kiuno, vikombe vya wali kwa siku, tarehe ya dumu na ya pakiti ya chumvi. Ukienda kliniki, omba presha ipimwe ukiwa umekaa dakika tano, sukari ya kufunga au HbA1c (wastani wa sukari yako ya miezi miwili mitatu iliyopita), na lehemu zote, zikiwemo HDL na trigliseridi. Daktari akisema BMI yako ya 24 haina shida na asili yako ni Asia ya Kusini, mwambie kwa adabu kwamba wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka alama ya 23, na umwonyeshe kiuno chako kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu pima tena, kwa futi ileile, asubuhi kabla ya kula.